Mama amekemewa kwa kuwafundisha wanawe Pasaka kwa michezo: je, amekosea?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Nina watoto watatu. Mume wangu ni dereva wa lori, huwa safarini majuma mengi, kwa hiyo ibada ya nyumbani naiongoza mimi. Kabla ya Pasaka niliwafundisha wanangu Kutoka 12, habari ya usiku ambao wazaliwa wa kwanza wa Misri walikufa, lakini nyumba za Waisraeli zilizopakwa damu ya mwana-kondoo mlangoni zikapona. Tulijenga nyumba ya boksi, tukapika chapati, tukacheza kutafuta hamira iliyofichwa, kisha tukapaka rangi nyekundu kwenye mlango wetu. Mzee mmoja wa kanisa alipouona mlango alinikemea mbele ya akina mama wenzangu: ati nawarudisha watoto chini ya torati, tena nafanya mambo matakatifu kuwa mchezo. Tangu siku hiyo mwanangu wa kwanza, mwenye miaka saba, halali vizuri. Kila usiku anauliza kama rangi bado ipo mlangoni. Je, nimekosea?

JIBU: Amina, dada yangu, asifiwe. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu, na kila mara nimekwama pale kwa mtoto anayeulizia rangi. Nitafika hapo. Kwanza tumalize la mzee, maana si yeye peke yake anayesema hivi siku hizi.

Wanaosema kama yeye hukimbilia Wakolosai 2, kwamba sikukuu zile zilikuwa kivuli cha mambo yajayo. Ni kweli. Lakini waisome aya ya 16 tangu mwanzo: mtu asiwahukumu ninyi kwa vyakula au kwa sababu ya sikukuu. Andiko hilo linamfunga mdomo anayehukumu, na aliyehukumu hapa ni nani? Wewe hukumwambia mtu kwamba asiyekula mkate usiotiwa chachu hataokoka. Wagalatia walikemewa na Paulo kwa sababu walitafuta kuhesabiwa haki kwa kushika siku na miezi. Mama anayemwonyesha mtoto nyumba ya boksi hatafuti haki, anasimulia habari.

Tena Paulo huyohuyo aliwaandikia Wakorintho, ambao wengi wao walitoka katika mataifa: Pasaka wetu amekwisha kutolewa kuwa sadaka, yaani Kristo, basi na tuifanye karamu, si kwa chachu ya kale. Mtu ambaye hajui mwana-kondoo alichinjwa kwa nini, wala kwa nini chachu iliondolewa nyumbani, aelewe nini hapo? Kwetu shida ni kubwa zaidi, kwa kuwa neno letu ni moja kwa sikukuu ya Wayahudi na kwa sikukuu ya kufufuka kwa Yesu. Tukisema Pasaka, mtoto anaona nguo mpya na pilau. Nimewahi kuwauliza vijana wa kipaimara Pasaka ilianzia wapi, wakanijibu kaburini. Hakuna aliyetaja Misri. Halafu tunamkemea mama aliyewapeleka wanawe Misri!

Na hili la kwamba michezo inanajisi. Soma jinsi Mungu mwenyewe alivyoupanga usiku ule. Mwana-kondoo atwaliwe siku ya kumi na kukaa nyumbani hadi siku ya kumi na nne, watoto wakimwona. Damu ipakwe kwa matawi ya mmea wa hisopo kwenye miimo miwili na kizingiti cha juu. Wale kwa haraka, viatu miguuni, fimbo mkononi, pamoja na mboga zenye uchungu. Mungu angeweza kutoa hotuba, lakini alitoa somo la mikono na ulimi, kisha akasema watoto watauliza maana yake, nanyi mtawajibu. Anayarudia hayo katika sura ya 13, na tena kwa Yoshua, kwenye mawe kumi na mawili ya Yordani. Swali la mtoto limo ndani ya agizo lenyewe. Wayahudi wamelishika hilo hadi leo: usiku wa Seder, yaani karamu yao ya Pasaka nyumbani, mdogo wa nyumba ndiye huuliza kwa nini usiku huu ni tofauti na mingine, na katika nyumba nyingi kipande cha mkate hufichwa ili watoto wakitafute. Hakuna anayewaambia kwamba wanadharau.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, hukukosea kufundisha, na ningetamani kila nyumba ya usharika ifanye hivyo. Mwakani wape udongo wafinyange matofali, kwanza wenye majani makavu, kisha wakayatafute majani wenyewe. Wataielewa kwa vidole Kutoka 5, pale Farao alipowanyima Waisraeli majani ya kufanyia matofali. Waonje mchunga uliochemshwa bila nazi. Chapati yako inafaa, maana haina hamira, ila waambie mkate wa Wayahudi ni unga na maji tu, na huokwa kabla ya dakika 18 kupita tangu maji yaguse unga. Jambo moja tu: usiiendeshe Seder kama ibada yako, wala usiwaambie kwamba Yesu aliifuata vilevile. Utaratibu wake wa leo ulikamilika baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70. Hiyo ni ibada ya watu wengine. Tuieleze kwa heshima.

Sasa mlango. Hapa, dada, ningefanya tofauti. Sisi tunaishi mahali ambapo watu hufunga vitu mlangoni kuzuia wabaya, na mtoto anajua hivyo hata kama hujamwambia. Rangi ile kwake imekuwa kinga. Damu ya mfano ipakwe kwenye boksi, isipakwe pale anapolala. Na pigo la kumi, lile la wazaliwa wa kwanza, lisiwe mchezo kamwe. Vyura na nzige chezeni, lakini vifo vya watoto visimuliwe kwa sauti ya chini. Wayahudi wanapoyataja mapigo hupunguza divai tone kwa tone, na wengi wao hueleza kwamba furaha haiwezi kujaa wakati wengine waliangamia.

Mwanao ni mzaliwa wa kwanza, na amejiona ndani ya hadithi. Hajasikia vibaya, amesikia sawasawa kuliko watu wazima wengi. Usimwambie kwamba Waisraeli walipona kwa sababu walikuwa wema, maana atakesha akihesabu makosa yake. Futeni rangi pamoja, mchana, kwa kitambaa na maji, ayaone maji yakiondoka nayo. Usiku kaa kitandani kwake, umwambie kwamba usiku ule ulikuwa mmoja, umepita, na haurudi. Umwambie kwamba Mungu alimtoa Mwanawe mwenyewe, na hamdai mama yake mtoto. Akiuliza tena kesho, mjibu tena bila kuchoka.

Baba akipiga simu kutoka njiani, mpe kijana simu amsimulie habari yote mwenyewe, tangu matofali hadi bahari. Nami nitazungumza na mzee, faraghani, si mbele ya akina mama.