China itaipita Marekani lini, na dola zangu nizifanyeje?

SWALI: Mama, salamu kutoka Busia. Nauza vipuri vya pikipiki na akiba yangu naiweka kwa dola. Kijana wangu kanisomea kwenye simu kwamba China itakuwa namba moja kwa uchumi mwaka 2028. Nihamie yuan, pesa ya China, mapema? – Muuza vipuri

JIBU: Mwanangu, dola zako ziache zilipo kwanza. Huo mwaka 2028 naujua ulikotoka: CEBR, kituo cha utafiti wa uchumi cha London, kiliutaja Desemba 2020, korona ilipokuwa imeikaba Marekani kuliko China. Mwaka mmoja baadaye wakausogeza wenyewe hadi 2030. Benki ya Goldman Sachs ya Marekani nayo, huko nyuma 2003, ilisema karibu 2040. Chagua unaoupenda.

Cha kuuliza ni mizani gani wanapimia. Rolex ninayokula asubuhi hapa Kikuubo, Kampala, chapati na mayai mawili, ni shilingi 3,000 za Uganda, haifiki dola moja. New York kwa dola hiyo hushibi. Ukipima vitu vyenyewe, chapati kwa chapati, China imeshapita tangu katikati ya miaka ya 2010. Ukigeuza kila kitu kuwa dola kwa bei ya benki, mwaka 2024 Marekani ilikuwa na trilioni 29 hivi, China haikufika 19.

Na pengo limepanuka! Mwaka 2021 uchumi wa China ulikuwa kama robo tatu ya ule wa Marekani. 2024 ukawa chini ya theluthi mbili, ingawa serikali yao ilitangaza ukuaji wa asilimia 5. Ni bei, mwanangu. Chukua mwaka jana uliuza cheni 100, mwaka huu 120, ila kila moja umeipunguza bei ili itoke. Mzigo umetoka mwingi, daftari halijanenepa. Bei za viwandani China zilishuka, za Marekani zikapanda, na dola nayo ikaizidi nguvu yuan.

Nimepiga hesabu kwenye kikokotoo: uchumi wa China ukikua kwa asilimia 3 zaidi ya ule wa Marekani kila mwaka, kwa dola, ni miaka 15 kuufikia. Ukizidi kwa moja na nusu, karibu 30. Na watu wa China wanapungua tangu 2022. Mimi nilianza biashara na redio za Kijapani. Mwaka 1995 Japani ilivuka asilimia 70 ya uchumi wa Marekani, tukajua imefika. Leo haifiki hata 20.

Isitoshe, Marekani iliipita Uingereza kwa uchumi karne ya 19, lakini pauni ilitawala biashara ya dunia miaka mingi baadaye.

Kama mzigo wako unatoka Guangzhou na mwenye duka anataka yuan, nunua za mzigo huo tu. Mimi nilirudi na zilizobaki mwaka 2011. Yule wa dirisha la kubadilisha fedha alizikunjua, akazimulika kwenye taa, akanirudishia.