Korosho hulipa mwezi wa kumi na moja, njaa huja mwezi wa pili

Kila msimu wa korosho ukifunguliwa huku kusini mwa Tanzania, vijiweni na mitandaoni yanarudi maneno yale yale: wakulima wa Mtwara na Lindi hawajui kutunza hela, wanashika mamilioni mwezi wa kumi na moja, mwezi wa tatu wanakopa unga. Mimi nimekulia Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, na kwa misimu kadhaa nilikuwa karani wa mizani kwenye AMCOS ya kijiji chetu, yaani chama cha ushirika kinachokusanya korosho za wakulima ziende mnadani. Nimeandika kilo za watu kwa mkono wangu, nimewaona wakilipwa, na nimeishi nao miezi yote inayofuata. Maneno hayo yananiuma. Tabia ya mtu ina nafasi katika maisha yake, sikatai, lakini kwa nilivyoona mimi inakuja ya tatu, nyuma ya kipato na nyuma ya bahati. Ukiitanguliza, utamtukana mkulima bure na ushauri wako hautamsaidia.

Tuanze na kipato. Chukua kaya yenye kilo 800 za daraja la kwanza. Bei ikiwa nzuri, baada ya makato mkulima akabakiwa na shilingi 3,200 kwa kilo, ataingiza 2,560,000. Igawe kwa miezi 12: ni kama 213,000 kwa mwezi. Bei ikiwa mbaya akabakiwa na 1,750, ataingiza 1,400,000, yaani chini ya 117,000 kwa mwezi. Humo humo atoe palizi, salfa ya kupulizia mikorosho, vibarua wa kuokota, sare za shule, chumvi, mafuta ya taa na maji. Wanaosikia "milioni mbili na nusu" wanaiona kwa siku moja iliyolipwa. Hawaioni ikiwa imetandazwa mwaka mzima juu ya watu sita.

Tena bei yenyewe mkulima haishiki. Korosho zetu nyingi zinaondoka ghafi kwenda India na Vietnam, na bei ikitikisika huko, sisi huku tunaanguka. Msimu wa 2017/18 minada kadhaa ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Oktoba 2018 wanunuzi wakaja na bei ambazo wakulima walizikataa mnadani, na Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua yenyewe kwa 3,300, jeshi likaingia kusomba mzigo. Ukafuata uhakiki wa mashamba, na wengine wamelipwa mwaka 2019 umeshaingia. Baada ya hapo bei ikayumba, kuna misimu ilicheza kwenye elfu mbili, halafu Oktoba 2024 ikapita 4,000 tena. Mikorosho ni ile ile, jembe ni lile lile, na mtu hajawa na akili zaidi mwaka mmoja kuliko mwingine.

Sasa bahati. Kijijini kwetu kuna ndugu wawili ambao mashamba yao yanapakana, mikorosho aliipanda marehemu baba yao. Wote ni watu wa kazi. Alfajiri umande haujakauka wameshabeba mashine za kupulizia. Mwaka mmoja, mwezi wa saba, yule mdogo alianguka na pikipiki, mguu ukavunjika. Anayejua korosho anajua maana ya mwezi wa saba. Maua yanatoka, asubuhi zina ubaridi, na ugonjwa wa ubwiri unga unatafuta ua lisilo na salfa. Alipokuwa amelala wodini shamba lake liliungua juu, maua yakageuka meusi na kupukutika. Msimu ulipofika kaka yake alileta magunia kwa gari. Yeye alikuja akiburuta mguu, korosho zake zimetosha kwenye baiskeli moja, na kijana wake ndiye aliyeisukuma hadi kwenye mizani. Msimu uliofuata alikosa hela ya salfa, akapulizia mara moja badala ya kurudia inavyotakiwa. Mpaka leo nyumba yake haijafikia ya kaka yake, na wageni waliohamia kijijini wanasema huyu mdogo ni mvivu.

Ninamtaja kwa sababu ndivyo umaskini mwingi ninaoujua ulivyoanza. Kitu kimoja kinatokea, hakuna akiba ya kukizuia, kinazaa cha pili. Ukikutana na mtu akiwa kwenye cha nne au cha tano, utaona tabia tu.

Na tabia nayo ina chanzo chake. Mwaka 2013 watafiti wanne, Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao, walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya kwa wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India. Wale ni kama sisi, wanategemea mavuno ya mara moja kwa mwaka. Waliwapa wakulima wale wale majaribio ya kufikiri kabla ya mavuno, hela zimekwisha, na baada ya mavuno. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Nilipoisoma habari hiyo niliwakumbuka watu wanaokuja kuomba mkopo mwezi wa pili, mtu mzima anayeheshimika, anasaini kitu ambacho mwezi wa kumi na mbili angekicheka. Ana watoto ndani, mahindi yamekwisha, mihogo bado midogo. Kichwa chote kiko kwenye jioni ya leo.

Hapo ndipo kangomba anapopatia riziki. Kwa asiyejua: kangomba ni yule anayenunua korosho kienyeji kabla ya msimu, nje ya chama, kinyume cha utaratibu. Anakupa laki moja mwezi wa tatu, utamlipa kilo 100 korosho zikianguka. Zile kilo 100 ungezipeleka ghalani ukabakiwa na 3,200 kwa kilo ungepata 320,000. Kwa miezi minane umelipa zaidi ya mara tatu ya ulichochukua. Nimeshuhudia mtu anapanga foleni ya mizani na mzigo mkubwa, majirani wanampongeza, kumbe nusu yake imeshaliwa tangu masika.

Kwa hiyo ushauri wangu wote nimeujenga juu ya tarehe. Maamuzi ya mwezi wa pili yafanyike mwezi wa kumi na moja, wiki ile ile hela inapoingia, kichwa kikiwa kimetulia. Kumwambia mtu "jitahidi uwe na nidhamu" na kumwacha na bunda la noti ndani kwa miezi mitatu ni kumtwisha jambo ambalo hata mshahara wa mjini hauliwezi.

Kuna ushahidi wa jambo hili karibu na sisi, Busia, magharibi mwa Kenya. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya kazi na wakulima wa mahindi wa pale, wakachapisha 2011. Karibu wakulima wote walisema msimu ujao watanunua mbolea; walionunua kweli hawakufika nusu. Wakajaribu njia ndogo tu: kumfuata mkulima nyumbani mara baada ya mavuno, hela bado ipo, alipe mbolea saa hiyo na aletewe bila nauli. Ununuzi ukapanda. Walipoipeleka ofa hiyo hiyo baadaye, wakati mbolea inahitajika shambani lakini hela imeshaondoka, haikuvuta watu kama ile ya mwanzo. Mkulima ni yule yule na mbolea ni ile ile.

Kwa mkulima wa korosho hii inamaanisha nini? Kwanza chakula. Malipo yakiingia, kabla ya godoro, kabla ya redio, nunua mahindi ya kufika mwezi wa nne na uyahifadhi vizuri, maana debe la mwezi wa kumi na moja halilingani bei na la mwezi wa pili. Mwenye chakula ndani hamwogopi kangomba. Hili peke yake nimeliona likizigeuza kaya kuliko semina zote nilizohudhuria.

Kinachofuata ni salfa na palizi. Kama huwezi kuzilipia mapema, weka hela yake mahali ambapo kuitoa kuna usumbufu kidogo. Kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba, kinafaa sana kwa hili. Sanduku lina kufuli tatu, funguo wanazo watu watatu, na mkutano ni siku moja ya wiki. Mpaka ufike huko, hamu ya kununua spika imeshapoa. Akaunti ya simu kwa akiba ya namna hii mimi siiamini, kwa sababu namba ya siri unayo mwenyewe na usiku wa manane unaweza kuitumia. Ila uliza kikundi kinavunjwa lini. Kikivunjwa mwezi wa kumi na mbili kitakurudishia hela siku ambayo huihitaji. Wanawake wa kitongoji chetu walisogeza mgao ukawa mwezi wa pili, na nawapongeza sana, ni uamuzi wa watu wanaojua maisha yao.

Tatu, panga mwaka kwa bei mbaya. Bajeti ya nyumba iwe ya elfu mbili hata kama mnada umepiga elfu nne. Kinachozidi usikiite cha kawaida, kipeleke kwenye kitu kinachopunguza matumizi ya kila siku. Huku kwetu uwandani kitu hicho ni bati na kisima cha kuvuna maji ya mvua. Maji Newala na Tandahimba ni shida ya tangu enzi za mababu. Kiangazi mama anaweza kumaliza asubuhi nzima kutafuta ndoo mbili, au anunue dumu kwa dumu. Nyumba yenye bati na kisima kilichosakafiwa vizuri inaokoa hela hiyo kila mwaka, bei ya korosho iwe juu au chini. Pikipiki ya kujionyesha inakula mafuta.

Bima ya afya nayo, tafadhali. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, mikoani ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, sawa na kilo tisa na kidogo za korosho kwa ile bei nzuri ya 3,200. Sasa ipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, basi ulizeni zahanati ya karibu viwango vya mwaka huu na mlipe siku ya korosho, kwa maana siku ya homa hela haitakuwepo. Kama yule ndugu aliyevunjika mguu angelazimika kuuza mikorosho ili atibiwe, leo asingekuwa na shamba la kurudia.

Kuhusu sherehe, sikubaliani na wanaohubiri kwamba jando na unyago ndivyo vinavyotufilisi. Mtu anayetoa mchele na kuku kwenye ngoma ya jirani ananunua haki ya kusaidiwa siku yake ikifika. Asiyechanga popote ana hela nyingi mwezi wa kumi na mbili, akiuguliwa mwezi wa pili anajikuta peke yake. Ninachoshauri ni kiasi kitajwe mapema, na kitajwe mbele ya mjomba na wazee wa ukoo, kabla malipo hayajaingia. Kikishatajwa na wakubwa, shemeji hawezi kuja na tarumbeta na mahitaji mapya siku mbili kabla ya ngoma.

Namalizia na ninyi watoto wetu mlioko Dar es Salaam, Mtwara mjini, Masasi na kwingineko, mnaosoma haya kwenye simu. William Jack na Tavneet Suri walifuatilia kaya za Kenya baada ya M-Pesa kuanza mwaka 2007. Waligundua kwamba kaya zisizotumia huduma hiyo zilipopatwa na pigo, ugonjwa au kupoteza kipato, matumizi yao yalishuka kwa takriban asilimia 7. Zilizokuwa nayo matumizi hayakushuka, kwa sababu ndugu wengi zaidi waliweza kutuma hela, tena kutoka mbali zaidi. Bahati mbaya iliwapiga wote; tofauti ilikuwa ni watu wangapi walisaidia kuubeba mzigo.

Wengi wenu mnatuma hela nyumbani mwezi wa kumi na mbili, mkija likizo au mkiwa na bonasi. Wakati huo korosho zimeshalipwa na wazazi wanazo. Ongeeni na mama leo, mjue mahindi yaliyoko darini yataisha lini, kisha pangeni zamu: wa kwanza atume mwezi wa pili, wa pili mwezi wa tatu, na mmoja abaki na fungu la salfa mpaka mwezi wa sita. Na mkisikia baba amechukua laki ya kangomba, msimgombeze kwenye simu. Mwulizeni ni kilo ngapi, mlipeni yule mtu hela yake mapema akikubali, korosho zibaki za mzee.