Bia ya malenge iliyolazwa kwenye pipa: imeharibika ama ndivyo ilivyo?

SWALI: Salama kaka? Shemeji yangu katoka Marekani kaniletea chupa mbili kubwa za bia ya malenge, zimeandikwa zililazwa kwenye pipa la bourbon, ile wiski ya Marekani, pombe asilimia 12. Moja nkaitia friza mpaka ikashika baridi kabisa, kuonja sikuskia kitu ila ukali, ilipokaa mezani kidogo ikaanza kunukia mdalasini na karafuu kama bizari ya pilau, malenge yenyewe siyaoni. Imeharibika? Na ya pili naeza kuiweka mpaka Krismasi?
Msomaji, Bamburi

JIBU: Haijaharibika yakhe, tena hiyo harufu iliyokuja ilipopata joto ndio bia yenyewe sasa. Malenge peke yake hayana ladha kubwa, we wajua boga la nazi bila iliki na sukari linavyokuwa, sasa hapo hamira ishakula sukari karibu yote, kinachobaki ni rangi na uzito kidogo mdomoni. Zamani za ukoloni Wamarekani walitia malenge kwa sababu kimea kilikuwa adimu, halafu miaka ya 1980 kiwanda kidogo cha Buffalo Bill's kule California kikairudisha na viungo vya pai ya malenge, mdalasini, kungumanga, karafuu, na wengi wakafuata njia hiyo hiyo.

Pipa nalo lina habari yake. Sheria yao yasema bourbon ilazwe kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani, kwa hivyo likishatumika mara moja halirudi kwa bourbon, huuzwa, na wapika bia hulinunua likiwa bado limelowa wiski. Bia ikilala humo miezi hunyonya vanila, karameli, hata harufu ya nazi ambayo hutoka kwenye ule mbao wenyewe, na mie hiyo nazi ndio naipenda kuliko vyote. Ukiskia harufu ya siki au ya boksi lililolowa, hapo ndio useme imeharibika.

Friza ndio iliyokunyima raha, baridi kali huziba harufu ukabaki na ukali na gesi. Ya pili itoe friji ya kawaida, iache mezani kama robo saa, manake kwa joto letu hili ukizidisha itakuwa uji, kisha mimina kidogo tu kwenye glasi ya waini, usiijaze. Itikise polepole, uone inavyoteleza kwa uzito ukutani mwa glasi, nusa kwanza halafu onja kidogo uiache juu ya ulimi, utaona viungo vyatangulia na mbao waja mwisho kabisa ushameza. Kula na mbuzi choma ama mahamri, pilipili iweke kando, pombe huiongezea moto.

Na muinywe watatu wanne, chupa ya mililita 650 kwa asilimia hiyo ni pombe ya karibu Tusker nne za nusu lita, wa kuendesha gari asiiguse.

Krismasi itafika vizuri tu, isimamishe kwenye friji mbali na mwanga, ila usiipeleke mwaka mwengine, mbao hudumu lakini mdalasini na karafuu hufifia mapema.