Fizi zinatoa damu tangu nifunge breisi, niache kupiga mswaki?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma, nilifunga breisi za kunyoosha meno mwezi wa pili na mwanzoni nilikuwa sawa tu, ila sasa hivi fizi za chini mbele zimevimba na nikipiga mswaki povu linakuwa la pinki kwa damu, nikaogopa nikaacha kupiga hapo mbele, nasukutua tu na dawa. Rumeti wangu anasema nipake chumvi kavu au mafuta ya karafuu. Afu kuna waya unanichoma ndani ya shavu, pameshakuwa kidonda. Nizitoe hizi breisi au? Na hela nimeshalipa.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Usizitoe, na plizi usiku huu huu rudi kupiga mswaki hapo hapo panapotoa damu, maana hilo eneo uliloliacha ndilo linalohitaji mswaki kuliko kote mdomoni. Wengi sana wanafanya kama wewe, wanaona damu wanadhani wamejiumiza wanapakwepa, siku zinavyokwenda hali inazidi.

Chukua kioo, simama kwenye mwanga, vuta mdomo wa chini taratibu uangalie pale breketi, yaani kale kapande kalikogandishwa kwenye jino kushika waya, inapokaribiana na fizi. Utaona kitu cheupe kimeganda kama mtindi. Huo ni ukoga, yaani bakteria waliojijenga hapo, na ndio wanaofanya fizi iwe nyekundu na ing'ae. Sasa fizi ikivimba inapanda juu ya jino, ule upenyo wa chini ya breketi unazidi kuwa mdogo, mswaki haufiki tena, ukoga unaongezeka, uvimbe nao unaongezeka. Ukikaa zaidi unakuwa ugaga mgumu, na huo hata usugue vipi hautoki, mpaka kliniki.

Tumia mswaki laini. Ulaze kama nyuzi 45 ukielekea kwenye fizi, nusu ya brashi iguse fizi na nusu iguse jino, zungusha taratibu jino kwa jino, halafu ugeuze upige upande wa pili wa breketi. Bila haraka, dakika mbili kwa mtu wa breisi ni chache. Tafuta na kale kaburashi kembamba ka kupenyeza chini ya waya, kwenye maduka makubwa ya dawa kapo, kwangu mimi hako kana faida kuliko dawa yoyote ya kusukutua. Siku za kwanza damu itaendelea kutoka, usitishike, ukisafisha vizuri kila siku inapungua yenyewe.

Chumvi kavu hapana, inakwaruza fizi ambayo tayari inauma. Weka nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, sukutua, tema. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa yanaunguza fizi, na aspirini ya kusaga kuweka kwenye fizi ndo kabisa usithubutu. Hiyo dawa unayosukutua kama ina klorheksidini usizidishe wiki mbili bila daktari kukuambia, inaacha madoa ya kahawia kwenye meno hasa kwa wanywaji wa chai, na haiondoi ukoga ulioganda.

Kuhusu waya, omba nta ya breisi kliniki. Kausha breketi kwanza kwa tishu maana penye mate nta haishiki, finyanga kadonge, bandika pale panapochoma, ukienda kula toa. Kama ncha ya waya imetokeza jaribu kuisukuma taratibu na kifutio kisafi cha penseli, usiikate mwenyewe, kipande unaweza kukimeza. Pilipili, ndimu na ukwaju viache mpaka kidonda kifunge.

Ukiona usaha, homa, uso kuvimba au jino moja linacheza kuliko mengine, nenda siku hiyo hiyo. Na kama una mimba, au unatumia fenitoini ya kifafa au nifedipini ya presha, mwambie daktari wako wa breisi, maana hivyo navyo vinavimbisha fizi, ila dawa usiache mwenyewe. Hata kama huna lolote kati ya hayo mpigie simu kabla ya tarehe ya kukazwa waya, mwambie fizi zinatoa damu, ili akupangie muda atoe waya na kukusafisha ugaga kwanza ndo akaze.