Mzigo umepotea posta? Acha kwenda "kuulizia", kaandike!

Mleta uzi, huyo komenti namba 4 anayekwambia "tulia mkuu, usiandike chochote, ukiwaandikia watakuficha mzigo makusudi", mpuuze. Ushauri huo huo, karibu neno kwa neno, niliumeza mimi mwaka 2019 na ulinitoa laki saba na themanini, hapo sijahesabu kazi niliyoikosa.

Unasema mzigo wako kutoka Guangzhou umeganda kwenye "umewasili nchini" wiki ya tisa sasa, na umeshakwenda dirishani mara nne kufuatilia. Mimi nilikwenda mara kumi na moja. Mke wangu alifika mahali akauliza huyo wa dirishani ni mwanamume au mwanamke.

Kaka yangu yuko Birmingham, alinitumia bodi ya mashine yangu ya kudarizi. Kitu chenyewe ukubwa wa daftari, kimefungwa kwenye sweta kuukuu ndani ya boksi la viatu. Mzigo ukaonekana umeingia nchini, halafu kimya. Nikaenda. Kijana wa dirishani akachukua namba yangu ya simu, akaiandika nyuma ya kipande cha kalenda ya mwaka uliopita, akakichomeka chini ya stapla. "Tutakupigia, mzee." Nikaondoka nimeridhika kabisa, najua nimeshalalamika. Wiki mbili baadaye nikarudi, kipande kipya, stapla ile ile. Mara ya sita nikaona kile cha mara ya tatu bado kipo, kimeota doa la chai.

Kwa nini sikuandika? Kwa sababu ya binamu yangu, aliyejitambulisha kwa ukoo mzima kama "mtu wa posta". Akaniambia wafanyakazi wale wakiona karatasi ya malalamiko wanakasirika, basi nenda kirafiki, wachekeshe, wape ya soda. Nikachekesha watu miezi saba! Baadaye sana ndiyo nikajua binamu hakuwahi kufanya kazi posta hata siku moja. Alikuwa na friji la soda nje ya geti. Kwa hiyo ile ya soda, sasa hivi ndiyo naelewa ilikuwa biashara ya nani.

Nilipoingia mwezi wa nane wa kusubiri nikamkuta mama mmoja mtu mzima, ameshika zamu ya yule kijana. Akaingiza namba ya mzigo kwenye kompyuta, akashusha miwani.

"Baba, hapa hakuna lalamiko lolote."

"Mama, nimekuja hapa mara kumi na moja."

"Kuja umekuja. Kulalamika hujalalamika."

Nikakaa kwenye benchi. Alinionea huruma, akanieleza kazi yao inavyokwenda, na hili ndilo nataka ulishike. Ukisema kwa mdomo, kwao wewe ni mtu aliyepita kusalimia. Ukijaza fomu ya ulizo (kwa mizigo ya nje inaitwa CN 08, ni ya Umoja wa Posta Duniani, nchi zote wanaijua), hapo ndipo lalamiko linapozaliwa, na kuna mtu atadaiwa jibu. Wanaanza na rafu, kwa sababu mizigo mingi "iliyopotea" imelala kwenye rafu ya ofisi nyingine, mtu kasoma S.L.P. 318 akaona 813. Kisha wanaangalia daftari la waliosaini kupokea. Kisha wanarudi kwenye orodha ya mfuko uliokuja na mzigo: uliingia kweli, au uliandikwa tu? Ikishindikana, ulizo linakwenda nchi iliyotuma. Ndiyo maana fomu inataka uzito, tarehe ya kutumwa na kilichomo ndani. Ukiandika "boksi la kahawia" umewasaidia nini? Maboksi yote ni ya kahawia.

Sasa tarehe. Ulizo linapokelewa ndani ya miezi 6, na miezi hiyo inahesabiwa kuanzia kesho yake baada ya mzigo KUTUMWA. Siyo siku ulipofika, siyo siku ulipoanza kuingiwa na wasiwasi. Na mashirika mengine ya posta yanampa mtumaji muda mfupi kuliko huo. Mimi nilikuwa nimefika miezi saba na nusu, nimeshika soda mkononi.

Kuna jingine lililonimaliza: fidia kwa kawaida ni haki ya aliyetuma, labda yeye akuachie wewe. Nikampigia kaka, nitumie risiti. Kaka risiti aliitupa siku anaosha gari. Hatukupata hata senti. Bodi nikanunua nyingine, ikafika Machi, na wanaodarizi nembo za sare mnajua Machi ni nini: msimu wa kufungua shule umeshapita. Sweta za shule mbili zilikuwa zimeshakwenda kwa jirani yangu, ambaye mpaka leo ananisalimia kwa furaha nisiyoipenda.

Kwa hiyo wewe kesho asubuhi nenda, omba fomu, jaza, omba nakala IPIGWE MUHURI WENYE TAREHE. Wakikwambia "acha tu namba tutakupigia", cheka nao, halafu rudia kuomba fomu. Hawatakuficha chochote. Yule mama alisema mzigo wenye ulizo lililoandikwa ndio kila mtu anautafuta autoe mezani kwake.

Kabla hujaenda itazame namba ya mzigo wako. Ikianza na R, C au E una pa kushika. Ikianza na U, huo ulitumwa kwa bei ya kutupa bila kusajiliwa, hata fomu haitakusaidia sana, mbane muuzaji moja kwa moja kabla muda wake wa kurudisha pesa haujaisha.

Uliuliza pia habari za ushuru, na kama uhamie kampuni binafsi. Wadau wengine watakujibu, mimi nikianza kuzungumzia posta presha inapanda. Wewe mzigo wako ulitumwa tarehe ngapi? Siyo ulipofika, ULIPOTUMWA. Iandike hapa tuhesabu.