Dola mbili za Tabora, dola mbili za Texas

Majuma mawili yaliyopita nilisimulia hapa miaka minne niliyobeba sinia huko Houston kabla sijarudi Dar es Salaam. Kuhusu bakshishi niliandika sentensi moja tu, kwamba ndiyo iliyonilipia kodi ya nyumba, na hiyo sentensi moja imenichokozea nyuki. Maswali yamekuja kutoka Dallas hadi Masaki, mengine ya kistaarabu, mengine yana matusi kidogo. Haya ndiyo niliyoweza kuyajibu.

Shikamoo dada. Nimefika Dallas mwezi wa tatu. Nilimtoa mke wangu chakula cha jioni, bili ikaja dola 40. Nikaacha dola mbili mezani. Kwetu Tabora hiyo ni kama elfu tano, nikajiona mkarimu. Mhudumu akatufuata mpaka mlangoni kuuliza kama kuna kitu hakikwenda sawa. Nilimkosea nini? (Mgeni, Dallas)

Marahaba. Tabia yako haina ila, hesabu ndiyo iliyokupiga chenga. Texas wanafuata kima cha shirikisho: mwenye mgahawa anaruhusiwa kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, mradi bakshishi zimfikishe dola 7.25, ambayo ndiyo kima cha chini cha wafanyakazi wengine. Zikipelea, mwajiri anatakiwa ajazie. Hiyo 2.13 imekaa pale pale tangu 1991. Aliyezaliwa mwaka huo sasa ana mvi mbili tatu.

Ngoja nikuingize jikoni kidogo. Nilipofanya kazi mimi, mwisho wa zamu mhudumu alikuwa anawakatia wenzake: wa kaunta ya vinywaji, wa kutoa vyombo, wa kupokea wageni mlangoni. Makato yalikuwa asilimia 4, tena hayakupigwa kwenye bakshishi uliyopata, yalipigwa kwenye mauzo ya meza zako. Sasa chukua bili yako ya dola 40. Asilimia 4 yake ni dola 1.60. Kama na kwa yule dada utaratibu ni huo, kwenye dola zako mbili amebakiwa na senti 40, kwa saa nzima ya kuwajazieni maji ya barafu ambayo wala hamkuyaomba. Mngeondoka bila kuacha kitu, angewalipia nyinyi hiyo 1.60 kutoka kwenye bakshishi ya meza nyingine. Mimi ilinikuta na meza ya watu tisa waliokuja kusherehekea siku ya kuzaliwa. Walikula, wakaimba, wakaniachia kipande cha keki.

Hundi yangu ya kwanza niliifungua nikiwa nimesimama kituo cha basi. Dola sita na senti kidogo, za wiki mbili. Nikarudi ndani kwa meneja nikijua wamekosea kuweka nukta. Hakuna aliyekosea: kodi ya bakshishi zote zilizopita kwenye kadi ilikuwa imekatwa kwenye ule mshahara wa 2.13, ikaumeza karibu wote.

Kwa hiyo mkikaa mezani mkahudumiwa, weka asilimia 18 hadi 20 ya bili kabla ya kodi ya mauzo. Kwako ilikuwa dola nane. Siku ambayo hazipo, nunua ubebe mkale nyumbani, hakuna atakayewacheka.

Mimi nabeba boksi Minneapolis. Hapa mhudumu analipwa kima cha chini kamili, zaidi ya dola 15 kwa saa, kama mimi. Mimi hakuna anayeniachia dola nane kwa kupanga mizigo ghalani. Yeye nimpe kwa lipi? (Mbeba boksi)

Hapa unanibana, na nakubali. Minnesota ni moja ya majimbo saba ambayo hayamruhusu mwajiri kupunguza mshahara kwa kisingizio cha bakshishi. Mengine ni California, Oregon, Washington, Nevada, Montana na Alaska. Kwa mantiki hoja unayo. Ningekuwa huko ningeacha asilimia 15 na kulala usingizi wangu vizuri, ingawa najua wapo wahudumu watakaonisoma wakasonya.

Usidhani lakini kwamba jambo hili wenyewe wameshalimaliza. Wapiga kura wa mji mkuu, Washington, D.C., waliamua mwaka 2018 mshahara mdogo wa wahudumu ufutwe, baraza la jiji likautengua uamuzi wao mwaka huo huo. Wakarudi kupiga kura 2022, wakashinda tena, na 2025 baraza likaupunguza makali. Chicago walipitisha sheria yao 2023, wakaanza kupandisha mshahara hatua kwa hatua 2024. Mwaka huo huo wa 2024, Massachusetts wakaulizwa swali la aina hiyo wakasema hapana.

Na kinachowashangaza wengi ni kwamba wahudumu wenyewe hawako upande mmoja. Mimi mwenyewe nilikuwa pande zote mbili kwa wiki moja. Ijumaa usiku nilikuwa natoka na dola 200 mfukoni, na mtu angeniambia tufute bakshishi tulipwe 15 ningemwona adui. Jumanne asubuhi, meza tatu, wazee wanaokunywa kahawa moja saa mbili, ningemsainia hapo hapo. Anayefanya kazi kwenye mgahawa wa nyama za bei mbaya ana Ijumaa nyingi. Mama anayehudumu kwenye mgahawa wa chapati za maji na mayai kando ya barabara kuu, wiki yake nzima ni Jumanne.

Lakini kwa nini Wamarekani tu? Nani aliwaanzishia hiyo tabia? (Msomaji, Kisumu)

Ilitoka Ulaya, ikaletwa na matajiri waliosafiri huko wakarudi na maringo. Wamarekani wengi waliichukia mwanzoni, wakasema ni ya mabwana na watwana. Jimbo la Washington liliipiga marufuku kwa sheria mwaka 1909, mengine machache ya Kusini na Kati yakafuata, na kufikia 1926 sheria zote hizo zilikuwa zimefutwa.

Kilichoipa mizizi ni ajira baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Watu weusi waliotoka utumwani waliajiriwa mahotelini na kwenye treni, kwa ujira mdogo sana, wakaambiwa mengine wayaombe kwa abiria. Kampuni ya Pullman ya mabehewa ya kulala ndiyo maarufu zaidi: wahudumu wake karibu wote walikuwa weusi, na abiria wakawa wanawaita wote "George", jina la mwenye kampuni, kama vile mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Walianzisha chama chao 1925 chini ya A. Philip Randolph, wakapigana miaka kumi na miwili hadi Pullman ikasaini mkataba nao 1937. Sheria ya kima cha chini ilipokuja 1938, wahudumu wa migahawa iliwaacha nje. Walipoingizwa 1966, waliingizwa na kipengele kile kile: bakshishi ihesabiwe kuwa sehemu ya mshahara. Tangu hapo mteja ndiye anayemlipia mwajiri.

Nimenunua kahawa ya kubeba, dada akanigeuzia kile kioo cha malipo, nichague asilimia ya bakshishi: 18, 20, 25. Watu watano nyuma yangu. Nikabonyeza 20. Nilirogwa? (Jirani yako wa zamani, Houston)

Uliona haya tu, na kile kioo kimetengenezwa kwa kazi hiyo. Kwenye kaunta, kubeba mwenyewe, bonyeza sifuri na uage kwa heshima. Mimi nilikuwa naacha dola moja kwa aliyeandika jina langu bila kukosea. Haikutokea mara nyingi.

Nipo kaunta ya vinywaji. Tulisikia bakshishi hazikatwi kodi tena. Mbona bado nakatwa? (Bartenda, Texas)

Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 inakuruhusu kuondoa hadi dola 25,000 za bakshishi kwenye mapato yanayotozwa kodi ya mapato ya shirikisho, kwa miaka ya 2025 hadi 2028. Unaidai unapojaza fomu zako za mwaka. Makato ya Social Security na Medicare, yaani ya pensheni na matibabu ya uzeeni, yapo kama kawaida, na ada ya huduma ambayo mgahawa unamlazimisha mteja kulipa haiingii humo. Mwenye kipato kinachozidi dola 150,000 (300,000 kwa wanandoa wanaojaza fomu pamoja) nafuu inaanza kumpungukia, lakini wewe na mimi tulale tu.

Dadangu, bakshishi na hongo si ndugu wa tumbo moja? Mimi sitoi. (Mzee wa Old Town, Mombasa)

Shikamoo mzee. Wanafanana sura, ndiyo maana hata majina yanaazimana: ukisikia "nipe ya chai" lazima uangalie kwanza anayesema amevaa aproni au sare. Huku Tanzania mnamo 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu mgombea kukirimu wapiga kura, ikaitwa takrima, jina zuri la ukarimu wa Kiafrika. Mahakama Kuu ikaitupa 2006, kwa kuwa kila mtu aliona kilichofichwa chini ya kawa. Kipimo changu ni hiki: yule wa mgahawani samaki wake utamla, utoe usitoe. Unatoa ukiwa umeshiba, na hukunyimwa kitu. Anayekuzuia haki yako mpaka umpe, huyo ni mwingine kabisa. Na mafundi wa pwani yenu walipewa kilemba kazi ilipokwisha, wala hakuna aliyeona ni hongo. Usipotoa, mzee wangu, hukumdhulumu mtu Mombasa. Ukitoa, vizuri.

Dada mambo. Nafanya mgahawa mmoja huku Masaki. Zamani mteja alikuwa anaacha chenji kwenye kisahani cha bili. Siku hizi analipa kwa simu, lipa namba, anajumlisha na yangu humo humo, ananiambia "elfu tano yako ipo". Bosi anasema mashine haijui ni ya nani. Mwisho wa mwezi sioni kitu. (Weita)

Poa, ila hili limeniudhi kuliko yote.

Mashine haijui, lakini bili inajua. Bili ikiwa 45,000 na ujumbe wa malipo umesoma 50,000, ile elfu tano haikudondoka kutoka mawinguni. Nunua daftari dogo la mia tano. Kila inapotokea andika namba ya bili, kiasi cha bili, kiasi kilicholipwa, saa. Usiku huo huo mpe keshia aweke saini, kabla hajafunga hesabu. Usiende kwa bosi peke yako na daftari la siku tatu. Nenda na wenzako, na la mwezi mzima, na mwende kwa upole, maana jumla ikishaandikwa hata asiyependa kulipa anaona haya.

Wengine wameshalitungia sheria. Marekani tangu 2018 mwajiri haruhusiwi kujiwekea bakshishi za wafanyakazi, wala meneja kuingia kwenye mgao. Uingereza tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mwajiri lazima awagawie wafanyakazi bakshishi yote pamoja na ada ya huduma, hata iliyolipwa kwa kadi.

Na wewe mteja unayesoma hili umekaa na soda yako: lipa bili kwa lipa namba, halafu ya mhudumu mtumie kwenye namba yake, au toa noti umwekee mkononi. Kwenye hoteli za Nairobi au Zanzibar ukikuta ada ya huduma imeshapigwa kwenye bili, muulize mhudumu kwa sauti ya chini kama huwa inawafikia. Usimuulize mbele ya meneja, atakujibu ndiyo huku macho yakisema hapana.

Kuna jambo jingine. Mwezi jana mpwa wangu aliitwa usaili wa kazi ya mezani hapa mjini. Akatajiwa mshahara ambao nauli tu ya daladala na chakula cha mchana vinaumaliza, kisha akaambiwa, "Lakini hapa bakshishi nzuri." Nikasikia harufu ya Houston. Nilimwambia arudi aulize mshahara bila bakshishi ni upi na uandikwe kwenye mkataba. Hakupigiwa simu tena.

Nina mgahawa Arusha. Nataka kufuta bakshishi, nipandishe bei kidogo na mishahara. Wazo jema? (Mwenye duka la chakula)

Jema, na amelijaribu mtu mkubwa kuliko wewe. Danny Meyer, mwenye migahawa ya Union Square New York, alianza kufuta bakshishi 2015. Bei zikapanda kwenye menyu, wateja wakaona ghali kuliko jirani japo jumla ilikuwa ile ile, na baadhi ya wahudumu wake wazuri wakahamia kulikokuwa na bakshishi. Julai 2020 akazirudisha.

Wewe una nafuu moja: mteja wako wa Arusha hajazoea asilimia 20, kwa hiyo hakuna kupandisha bei ghafla. Watalii ndio watakaosumbuka, watakuwa wanageuza bili nyuma na mbele. Ila usipige marufuku. Pandisha mishahara kwanza, waandikie chini ya menyu kwamba wahudumu wanalipwa vizuri, na anayetaka kuacha elfu mbili aache. Ukimkamata mtoto wa watu kwa sababu ya elfu mbili, umeanza vibaya.

Na mama ntilie je? (Bila jina)

Nilijaribu juzi Kariakoo. Wali maharage 2,500, nikampa 3,000, nikamwambia baki nayo. Akaniangalia, akafunua sufuria, akaniongezea kipande cha dagaa wa kukaanga juu ya sahani ambayo nilikuwa nimeshaimaliza.