Respect: mtunzi ni Otis Redding

Wimbo wa "Respect" ni wa nani, Otis Redding au Aretha Franklin, waimbaji wa Marekani? Ni wa Otis Redding. Aliutunga na kuurekodi 1965. Aretha Franklin aliurekodi New York, Februari 1967. Kwenye santuri zote mbili mtunzi aliyeandikwa ni Redding.

Ila tusimpunje Aretha. Kwa Otis, mwanamume ndiye anadai heshima akirudi nyumbani. Aretha akaugeuza, anayedai akawa mwanamke. Pale anapolitamka neno herufi kwa herufi, R-E-S-P-E-C-T, kwa Otis hapapo kabisa! Waitikiaji kwa Aretha ni dada zake, Erma na Carolyn, na saksafoni ya King Curtis nayo iliongezwa kwenye rekodi hiyo yake. Otis mwenyewe alisema jukwaani kwenye tamasha la muziki la Monterey, California, Juni 1967, kwamba kuna msichana amemnyang'anya wimbo huo.